Kuisuka upya bonsai kongwe ya mjuniperi uliotolewa mlimani

Mjuniperi wa Milima ya Rocky (Juniperus scopulorum) huota kwenye miteremko mikavu ya magharibi mwa Marekani na Kanada, kuanzia Alberta na British Columbia hadi Arizona na New Mexico. Watu wa bonsai, sanaa ya kulea miti midogo chunguni, hutafuta ile midogo iliyobanwa kwenye nyufa za miamba. Kimo chake ni nusu mita hivi, umri ni karne na zaidi, shina limejisokota na sehemu yake kubwa ni mbao kavu nyeupe, na pembeni unapanda ukanda mwembamba wa gome lililo hai. Wajapani huiita miti iliyotolewa porini yamadori, na jina hilo limeenea kote bonsai inakofanywa.

Mti huo ukikaa chunguni miaka kumi bila kupogolewa kwa mpango, umbo lake hupotea. Kilele huota kwa fujo, matawi ya chini hunyimwa mwanga na kukauka kwa ndani, majani hubaki nchani tu, na waya wa zamani huacha alama. Mwongozo huu ni wa kuusuka upya mti kama huo, yaani kuupa umbo jipya, na kuulea baadaye. Hatua nyingi zinafaa pia kwa shimpaku wa Japani (Juniperus chinensis), na mwishoni tutaona zinavyofaa kwa mtarakwa wetu wa nyanda za juu.

Kanuni ya kwanza ni hii: kazi moja nzito kwa mwaka. Kupogoa sana pamoja na kupinda ni kazi moja, kubadilisha udongo ni nyingine. Anayefanya zote mbili mwezi mmoja huwa na mti mzuri wa kupiga picha leo, na kuni mwaka ujao.

Kwanza, mti una nguvu?

Mjuniperi huchelewa sana kuonyesha kwamba umekufa. Majani yake ni magamba madogo yenye nta na hupoteza maji polepole, kwa hiyo mizizi inaweza kuwa imeoza na majani yakabaki ya kijani kwa wiki nyingi. Rangi ya kijani peke yake si ushahidi. Angalia mambo haya:

- Ncha. Katika msimu wa kukua, mti wenye nguvu hutoa ncha za kijani kibichi kilichopauka kidogo, zinazojitokeza sentimita 2 hadi 5 nje ya umbo. Ncha zilizofumba, zenye rangi ya kijivu iliyofifia, ni za mti uliosimama.
- Maji. Mwagilia na utazame juu ya udongo. Maji yapotee ndani ya sekunde chache. Yakituama nusu dakika, udongo umesagika au mizizi imejaa. Badilisha udongo kwanza, na kazi ya umbo ingoje mwaka mmoja hadi miwili.
- Uthabiti. Shika shina na ulitikise kidogo. Mti unaocheza chunguni haujashika mizizi.
- Majani ya sindano. Mjuniperi mzima una majani ya magamba. Ukikuta vichaka vya majani makali ya sindano ndani ya matawi, mti ulikatwa kupita kiasi au uliteswa na jambo jingine, na bado unajirudisha.
- Utitiri. Tikisa tawi juu ya karatasi nyeupe. Vumbi likianza kutembea, tibu kwanza.

Mti ukishindwa hata jaribio moja, upe mwaka mzima wa kula. Uweke kwenye jua la saa sita au zaidi. Weka mashudu (ya rapa, alizeti au pamba) yaliyofinyangwa kuwa vidonge vya ukubwa wa kijiko cha chakula, ukiviachanisha sentimita 10 juu ya udongo, na uvibadilishe kila baada ya wiki nne hadi sita. Usikate ncha hata moja. Ncha zinazorefuka ndizo zinazoamsha mizizi mipya, na anayezikata kwa sababu zinaharibu umbo anakata chakula cha mizizi.

Mti uliotolewa porini hivi karibuni usiguswe kabisa kwa miaka miwili au mitatu ya mwanzo, hata ukionekana umechangamka. Na kuhusu kuutoa: Marekani misitu ya taifa na ardhi za umma huhitaji kibali, na ndani ya hifadhi za taifa ni marufuku. Nunua kwa mtu anayeweza kueleza mti wake umetoka wapi.

Kuusoma mshipa ulio hai

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ndipo watu wanapoharakisha.

Maji ya mjuniperi hupanda kwa mistari. Mzizi fulani hulisha ukanda fulani wa gome, na ukanda huo hulisha matawi fulani. Ukanda huo tutauita mshipa. Ukikata matawi yote yaliyo juu ya mshipa mmoja, mshipa huo utakufa kuanzia juu hadi kwenye mzizi wake. Kinyume chake pia ni kweli: ukikata mzizi mkubwa wakati wa kubadilisha udongo, tawi la upande huohuo hukauka miezi kadhaa baadaye na mwenye mti asijue sababu. Kwa hiyo kabla ya kuamua tawi lipi liondoke, lazima ujue linakula wapi.

Anza kwa kusafisha. Chuna kwa vidole tabaka za gome zilizolegea, kisha sugua taratibu kwa mswaki mgumu na maji hadi litokee gome laini la rangi nyekundu iliyoelekea kahawia. Komea hapo. Ukifika penye weupe au ukijani umekwenda mbali mno. Mbao kavu isugue kwa brashi ya nailoni au ya shaba laini, ukifuata mkondo wa nyuzi zake. Brashi ya chuma huacha mikwaruzo isiyofutika.

Kisha tafuta mpaka. Mahali ambapo mbao kavu inakutana na gome, chukua kisu chenye makali na ukate upande wa mbao kavu, milimita moja moja, ukielekea kwenye gome. Gome lililokufa ni kahawia na kavu, hubanduka kama vumbi. Ukifikia hai, utaona mstari mwembamba wenye unyevu, wa rangi ya maziwa yenye kijani kidogo. Simama hapo hapo. Weka alama kwa chaki na upande juu, hadi umefuata mshipa kutoka udongoni hadi kwenye tawi la mwisho unalolisha. Fanya hivyo kwa kila mshipa. Kwenye mti mkongwe huwa miwili au mitatu, na mara nyingine mmoja tu wenye upana wa vidole viwili.

Ukimaliza utakuwa na ramani, na kanuni inayotokana nayo ni rahisi: kila mshipa ubaki na angalau tawi moja lenye majani ya kutosha mwisho wake, la kuvuta maji. Usijaribu kuupunguza upana wa mshipa katika kazi hiihii. Baada ya miaka michache mshipa utanenepa na kujitokeza kando ya mbao nyeupe, na tofauti hiyo ndiyo uzuri mkubwa wa mjuniperi.

Kuchagua uso wa mbele

Weka mti usawa wa macho. Tazama kwanza tako la shina, pale linapoingia udongoni. Pili, tazama upande ambao mshipa hai na mbao kavu vinaonekana pamoja. Tatu, mwendo wa shina. Majani yawe ya mwisho kabisa kutazamwa, kwa kuwa tawi linaweza kuletwa karibu popote, lakini shina halihami.

Sogeza chungu kwa vipande vya mbao chini yake hadi mti uiname nyuzi 10 au 15 upande huu na ule. Mara nyingi badiliko hilo dogo tu huuamsha mti uliokuwa umelala. Piga picha kwa simu na uzigeuze kuwa nyeusi na nyeupe. Rangi ya kijani hudanganya jicho, na ikiondoka utaona umbo lenyewe. Mti mkongwe ukisukwa upya kwa kawaida huishia kuwa mfupi kuliko ulivyokuwa, matawi yakiwa karibu na shina. Matawi marefu yanayoanika majani mbali na shina huufanya uonekane mchanga.

Mbao kavu

Tawi kavu lililovuliwa gome huitwa jin, na sehemu ya shina iliyovuliwa gome huitwa shari. Tawi usilolihitaji usilikate hadi shinani. Liache refu kuliko unavyodhani, kwa sababu unaweza kulifupisha baadaye lakini huwezi kulirefusha.

Kwanza kata duara kwenye gome mwanzoni mwa tawi hilo, kwa kisu, ili likichunika lisiendelee hadi kwenye mshipa wa shina. Bana gome kwa plaizi hadi lilegee, livue lote, kisha pasua ncha ya tawi kwa koleo la kukatia, shika nyuzi moja moja kwa plaizi na uzivute kuelekea shinani. Zinapokatikia ndipo zinapotaka kukatikia. Mbao iliyovutwa hivyo ina mikondo ileile ya mbao iliyovunjwa na theluji na upepo. Iliyochongwa kwa patasi bila kufuata nyuzi huonekana imechongwa, hata baada ya miaka ishirini.

Grenda ndogo ya mkono ina mahali pake, hasa kupunguza kisiki kinene au kutoboa uvungu. Masahiko Kimura wa Saitama, Japani, ndiye bingwa aliyesifika zaidi kwa kazi ya mashine kwenye mijuniperi. Lakini mashine huacha alama za duara, na lazima zifutwe kwa kisu na brashi. Vinyweleo vilivyobaki vichome kwa moto mdogo wa gesi, mshipa hai ukiwa umefunikwa kwa kitambaa kilicholowa.

Kupogoa

Ondoa kwanza vilivyokufa ndani ya matawi, kwa vidole au kibano. Kisha ondoa vijitawi vinavyoning'inia chini ya tawi, vinavyosimama wima juu yake, na vilivyojazana kwenye panda. Kinachobaki ni matawi yanayokwenda pembeni, yenye ncha zake.

Kipimo cha juu ni theluthi moja ya majani yote. Kata zaidi kileleni, kwa sababu ndiko kwenye nguvu, na kwenye matawi dhaifu ya chini usikate karibu chochote. Vyote unavyokata vitupe kwenye beseni moja ili uone lundo linavyokua. Jicho husahau haraka.

Usikate majani kwa kuyapitishia mkasi juujuu kama ua wa nyumba, na usizichune ncha kwa kucha. Gamba lililokatwa katikati hugeuka kahawia, na mti unaochunwa ncha kila wiki hudhoofika. Ingiza mkasi ndani na ukate kijitawi kwenye shina lake dogo la kahawia, mahali kinapoungana na kingine.

Kupinda

Kwa matawi manene na mashina, wakati salama ni mwisho wa majira ya baridi kabla mti haujaamka, au mapema majira ya kupukutika. Kuanzia Aprili hadi Juni, katika nchi zenye baridi, utomvu umejaa chini ya gome na gome huteleza juu ya mbao. Ukipinda wakati huo, nje hutaona kosa lolote. Gome limeshaachana na mbao, na tawi litakauka kiangazi.

Tazama mshipa hai unapita wapi kabla ya kupinda. Ukiwa upande wa nje wa kona utavutwa na kuchanika, ukiwa ndani utafinywa na kukunjamana. Pindisha tawi ili mshipa uwe ubavuni mwa kona.

Tawi la unene wa kidole gumba linataka kufungwa. Loweka rafia, zile chane za mwale, kwa dakika 20 hadi 30. Laza nyaya mbili au tatu kwa urefu upande wa nje wa kona. Zungushia rafia kwa kukaza, bila nafasi, tabaka mbili au tatu, kuanzia kabla ya kona hadi baada yake. Juu yake vuta ukanda wa tyubu ya baiskeli. Ndipo uweke waya mnene wa kupindia.

Sehemu nene zaidi ya hapo hazipindiki kwa waya peke yake. Zinataka nondo iliyofungwa kwenye shina iwe mhimili, na waya wa kuvutia wenye kikazio, kile kinachotumika kukaza nyaya za uzio. Kama ndani ya shina ni mbao kavu, chimba mfereji kwa nyuma upande wa mbao hiyo, ubakize mshipa hai na mbao ya unene wa milimita 5 hadi 10 chini yake. Kilichobaki hupindika kwa urahisi usioutarajia, na mfereji hujifunga kona inapofungwa.

Vuta hadi uhisi ukinzani, ngoja dakika 10, vuta tena. Kona kubwa inaweza kugawanywa kwa wiki kadhaa, kikazio kikizungushwa kidogo kila wiki. Sikiliza. Mlio mdogo mzito wa ndani ni nyuzi za mbao kavu, na hauna tatizo. Mlio mkali ukifuatwa na gome kufunguka ni kosa: rudisha nyuma kidogo, ziba ufa kwa dawa ya majeraha, funga rafia juu yake, na uliachie tawi hilo majani yake yote. Mshipa uliovunjika hadi nusu hupona mara nyingi. Uliovunjika zaidi ya hapo hutegemea bahati.

Waya

Waya wa shaba uliochomwa hadi kuiva wekundu hafifu kisha ukapozwa ndio unaoshika vizuri matawi ya mjuniperi. Alumini ni rahisi kwa anayeanza, ila utahitaji mnene zaidi, karibu theluthi ya unene wa tawi. Zungusha kwa pembe ya nyuzi 45 hadi 55, waya mmoja ukihudumia matawi mawili, ukianza na manene. Mwelekeo wa kuzungusha ufuate upande utakaolisokota tawi, ama sivyo waya hulegea mara tu unapopinda. Usibane majani chini ya waya.

Baada ya hapo tandaza vijitawi kila upande, chini pakiwa safi na ncha zikitazama juu kidogo. Kati ya kichaka na kichaka acha nafasi ya mwanga kupita. Anayeziba kila nafasi ili mti uonekane umekamilika siku hiyohiyo anakaribisha tena ule ukavu wa ndani ulioleta kazi hii.

Wiki sita za mwanzo

Weka mti mahali penye kivuli cha asilimia 30 hadi 50, pasipo na upepo. Nyunyizia majani maji mara mbili au tatu kwa siku. Lakini udongo usiuloweke. Majani yamepungua, mizizi inakunywa kidogo, na hapa ndipo mizizi mingi huozeshwa na huruma ya mwenyewe. Mwagilia pale sentimita 1 au 2 za juu zinapoanza kukauka. Mti uliopindwa usiachwe nje kwenye usiku wa chini ya nyuzijoto 0. Baridi ya kugandisha huingia kwenye nyufa ndogo za gome na kuzipanua.

Mbolea ingoje hadi ncha zianze kusogea, kwa kawaida baada ya wiki nne hadi sita. Ndipo uurudishe mti juani hatua kwa hatua. Tawi moja likipoteza mng'ao huku mengine yakiwa sawa, fuata mshipa wake kushuka chini. Tatizo liko kwenye kona au kwenye mzizi. Mti mzima ukififia kwa pamoja, tatizo ni la udongoni.

Waya ukaguliwe kila wiki mbili kuanzia mwezi wa tatu baada ya kuufunga. Kileleni unaweza kuanza kuuma mapema, wakati matawi manene huhitaji mwaka na nusu na hata kufungwa upya. Uondoe kwa kuukata vipande, kila mzunguko peke yake. Ukiukunjua utavunja vijitawi ulivyovisumbukia.

Msimu unaofuata, acha chipukizi zirefuke na zikomae, kisha mwishoni mwa kiangazi zirudishe kwenye umbo kwa mkasi, ukikata zile ndefu tu.

Chokaa ya salfa

Mbao kavu hupakwa chokaa ya salfa, dawa ya majimaji ya chokaa na salfa, mara moja au mbili kwa mwaka, siku ya jua. Huzuia ukungu na kuifanya mbao kuwa nyeupe. Mbao mpya iachwe ikauke miezi kadhaa kwanza. Lowesha mbao kwa maji ili dawa ipenye, changanya dawa na maji nusu kwa nusu, na upake kwa brashi ndogo bila kugusa mshipa hai. Funika udongo na kingo za chungu kwa plastiki. Itaonekana ya manjano kwanza na kuwa nyeupe inapokauka. Weupe ukizidi, tone la wino mweusi kwenye mchanganyiko hutuliza.

Fanya kazi hiyo nje, na vaa glovu na miwani. Harufu ni ya yai viza, na hiyo ni kero tu. Hatari ni kuichanganya na siki au asidi yoyote, kwani hutoa gesi ya sumu.

Mbao kavu inayogusa udongo huoza hata ikipakwa. Panda mti juu kidogo ili kokoto tupu zizunguke sehemu hiyo, na uikague kila unapobadilisha udongo.

Kubadilisha udongo

Mwaka mmoja au miwili baada ya kusuka, si kabla, isipokuwa mti ulioshindwa jaribio la maji mwanzoni. Wakati ni mwanzo wa majira ya kuchipua. Mti mkongwe huhitaji kazi hii kila baada ya miaka minne hadi saba, na kinachoamua ni ule mtihani wa maji.

Mchanganyiko unaofaa mti wa mlima mkavu ni pumisi (jiwe jepesi la volkano) asilimia 60, lava asilimia 20 na akadama (udongo wa punje wa Japani) asilimia 20, chembe za milimita 3 hadi 6. Chekecha kila kitu na utupe vumbi. Vumbi huziba nafasi za hewa, na mizizi ya mjuniperi hufa kwa kukosa hewa mapema kuliko kwa kiu.

Usiuoshe mzizi wote. Fungua nusu moja tu ya bonge, toa udongo wa zamani kwa kijiti, punguza mizizi mirefu, na nusu ya pili uiache kama ilivyo hadi zamu ijayo. Kumbuka ramani ya mishipa kabla ya kukata mzizi mnene. Funga mti chunguni kwa waya kupitia matundu ya chini hadi usitikisike kabisa, jaza udongo, na uushindilie kwa kijiti bila kuuponda. Mwagilia hadi maji yanayotoka chini yawe safi.

Wadudu na magonjwa

Utitiri ndio adui wa kila mwaka, hasa joto likiwa kavu. Majani hupauka na kuwa kama yamepakwa vumbi. Anza na maji ya nguvu chini ya matawi siku kadhaa mfululizo, kisha mafuta ya bustani, yale ya kunyunyizia mimea kuua wadudu, mililita 10 kwa lita moja ya maji, mara tatu, kila baada ya siku tano hadi saba, kwa kuwa mayai hunusurika mara ya kwanza. Mafuta huondoa nta ya buluu kwenye majani. Rangi hurudi na ukuaji mpya. Usiyatumie karibu na siku za chokaa ya salfa, vitu hivyo viwili pamoja huunguza majani.

Kutu ya Gymnosporangium huonekana wakati wa mvua za majira ya kuchipua kama pembe laini za rangi ya chungwa zinazotoka kwenye uvimbe wa tawi. Ugonjwa huu huhama kati ya mjuniperi na matofaa, mipeasi au jamaa zao. Kata tawi lenye uvimbe, na usiweke mti wako kando ya mtofaa.

Mti ukae wapi

Mjuniperi ni mti wa nje mwaka mzima. Wengi wanaoishi Ulaya au Amerika Kaskazini huingiza mti sebuleni karibu na hita wakidhani wanauokoa na baridi; mti wa Milima ya Rocky unahitaji usingizi wa baridi, na ndani ya nyumba huisha nguvu. Kinachohitaji kukingwa ni mizizi tu, kwa kuwa chungu hakina joto la ardhi. Baridi ikizidi nyuzi 5 chini ya sifuri, shusha chungu chini na ukizungushie maganda ya miti.

Kwa Dar es Salaam au Mombasa, mti huu haufai hata kidogo. Kwenye nyanda za juu tunao wetu: mtarakwa (Juniperus procera), uotao Nyandarua, Mlima Kenya, Meru na Usambara, na ndio mjuniperi pekee unaofika kusini mwa ikweta kwa asili yake. Usiuchanganye na msaipresi wa ua. Msaipresi huzaa vigololi vigumu vinavyopasuka. Mtarakwa jike huzaa tunda laini la buluu iliyokolea lenye unga wa nta. Wa msituni hauguswi bila kibali cha wakala wa misitu, KFS nchini Kenya au TFS nchini Tanzania, ila visiki vinavyong'olewa kwenye shamba la mtu, kwa idhini yake, hutoa mashina mazuri. Pumisi yake inapatikana maeneo ya Naivasha na Longonot, na nyanda za volkano hazikosi lava. Kwa kuwa hauna usingizi wa baridi, pinda na pogoa mwishoni mwa ukame, Februari, na udongo ubadilishwe mvua za Machi zinapoanza, mwaka mwingine. Ukipitwa na masika, ngoja hadi kabla ya vuli. Juni na Julai za mawingu na baridi hazioti mizizi.